Namna ya Kutunga Opera ya Vichimbakazi Bila Kuwaudhi Wenyewe

Anza kwa kuogopa. Mtunzi asiyewaogopa vichimbakazi aende akatunge matangazo ya sabuni, maana opera yake haitamtetemesha hata mlinzi wa mlangoni.

Mashairi ninayoyazungumzia hapa ni yale ya kale ya Uskoti na Uingereza. Walioyaimba waliamini kabisa kwamba chini ya vilima vyao kuna ufalme, kwamba wakazi wake wana kimo cha watu na uzuri wa kutisha, kwamba huiba binadamu, na kwamba anayeingia huko kwa usiku mmoja huenda akatoka akakuta nyumba yake ina wenyewe wengine. Hawakupenda kuwataja. Waliwaita majirani wema, kwa adabu ya mtu anayejua kwamba anasikika. Mwaka 1691 Robert Kirk, mchungaji wa Aberfoyle, aliandika risala nzima juu ya maisha ya viumbe hao kwa uzito uleule ambao mwingine angeandikia kilimo au sheria. Mwaka uliofuata akafariki, na watu wa pale wakasimulia kwamba hakufa, amechukuliwa.

Sasa linganisha na wale wadogo wenye mabawa na vumbi la kumetameta. Hao wamenenepeshwa na michoro na vitabu vya watoto vya karne ya 19, na ndio wanaowaharibia kazi watunzi wengi wa leo. Mtu anapewa fedha atunge opera ya vichimbakazi, anakimbilia kinubi kinachotiririka, kengele ndogo, na wasichana waliofungiwa mabawa ya nailoni. Hata London mwaka 1882, Gilbert na Sullivan walipofungua Iolanthe katika ukumbi wa Savoy, vichimbakazi wakuu walivaa taa ndogo za umeme kichwani zilizotumia betri walizozibeba wenyewe. Iolanthe ni kazi ya kuchekesha na inafanya vizuri kazi hiyo. Lakini wewe kama umelipenda shairi la kale, taa za kichwani ziache dukani. Kinubi nacho usikiguse mpaka kiwe na kazi ya kufanya katika kisa.

Ukishaogopa, chagua shairi, na chagua moja. Usichukue mkusanyiko mzima ukachota beti tatu hapa na nne pale. Utapata uji wa ukungu na mwezi, na hakuna msikilizaji aliyewahi kulia kwa sababu ya ukungu. Tafuta shairi lenye sharti ndani yake: usile, usiseme, usigeuke nyuma, usiachie. Viumbe hawa ni watu wa masharti, na sharti ndiyo injini ya opera kwa sababu kila aliye ukumbini anajua kwamba litavunjwa, au litashikwa kwa gharama kubwa.

Mimi ningekushauri uanze na Thomas. Thomas wa Erceldoune, mji unaoitwa leo Earlston, alikuwa mtu kweli wa karne ya 13 aliyesifika kwa utabiri. Baladi, yaani wimbo wa kisa, inamkuta amejilaza Huntly Bank, upande wa vilima vya Eildon karibu na Melrose. Anamwona mwanamke anakuja juu ya farasi, na katika nakala aliyoichapa Walter Scott kila kishungi cha manyoya ya shingo ya farasi huyo kina kengele 59 za fedha. Thomas anadhani ni Malkia wa Mbinguni, anavua kofia na kuinama. Anasahihishwa papo hapo: huyu ni malkia wa nchi nyingine. Anambusu, na busu hilo linamgharimu miaka 7 ya utumishi.

Hapo ndipo shairi linapoanza kukufanyia kazi yako. Wawili hao wanapita kwenye giza, wanavuka mito kwa miguu maji yakipita magoti, hawaoni jua wala mwezi, lakini wanasikia bahari ikinguruma. Isome tena sehemu hiyo taratibu. Mtunzi wa kale amezima kila kitu cha macho na kukuachia sauti moja. Wapo wabunifu wa sauti wanaolipwa kufikiria jambo kama hilo, na hapa limekaa bure kwa karne kadhaa. Zima taa za ukumbi zote. Usiweke okestra. Weka bahari, na uiweke chini ya viti ili watu waisikie miguuni kabla ya masikioni. Ikae muda mrefu kuliko ule ambao meneja wa ukumbi angeutaka.

Kisha linakuja sharti. Malkia anamwambia Thomas kwamba akifika huko asifungue mdomo. Neno moja tu, na hatarudi kwao tena. Nataka ulitazame jambo hili kwa jicho la mtu anayeandika opera. Mhusika wako mkuu, anayelipwa kwa kuimba, amekatazwa sauti kwa miaka 7. Watunzi waoga hutafuta njia ya kulikwepa: wanampa wimbo wa ndani ya moyo, au kwaya imsemee, au wanaruka miaka hiyo kwa kipande cha muziki mtupu. Usifanye hivyo. Thomas wako aimbe vizuri mpaka mlangoni, tena mpe wimbo mtamu kupita yote, ili watu wapate hasara ukimnyang'anya. Halafu anyamaze. Mwimbaji mwenyewe atalalamika na wakala wake ataandika barua. Wajibu wote wawili kwa upole, na usibadilishe noti hata moja.

Ukihitaji mzee wa kukutia moyo, mwangalie Dvořák. Opera yake Rusalka, iliyooneshwa kwa mara ya kwanza Prague tarehe 31 Machi 1901 kwa maneno ya Jaroslav Kvapil, ni kisa cha mwanamke wa majini anayetaka kuwa binadamu kwa sababu ya mwana wa mfalme. Bei yake ni ulimi: mbele ya wanadamu hana neno. Katika tendo la kwanza Dvořák anampa wimbo kwa mwezi ambao waimbaji wa dunia nzima wanaugombania. Katika tendo la pili anamsimamisha katikati ya sherehe, bubu, huku mwanamke mwingine akimwimbia mpenzi wake karibu naye. Nafasi yake ya kuimba inakuja anapobaki na mzee wa maji, mtu wa kwao. Hakuna kilio cha sauti ya juu kinachoweza kuuma kama kule kusimama kwake.

Wewe una kitu ambacho Dvořák hakuwa nacho: maikrofoni ndogo ya kubandikwa karibu na mdomo. Thomas akinyamaza, ifungue. Tusikie anavyovuta pumzi neno linapofika kooni na kurudishwa. Tusikie anavyomeza mate. Malkia aimbe, wakazi wote wa chini ya kilima waimbe, na katikati yao pumzi ya mtu mmoja isikike kila kona ya jumba. Hapo opera na sanaa ya sauti zinakuwa kazi moja, wala hutahitaji kuandika kwenye kijitabu cha programu kwamba unachanganya sanaa mbili.

Mwisho wa kisa Thomas anapewa tunda la kumlipa: ulimi usioweza kusema uongo. Analalamika. Ulimi wa namna hiyo, anasema, utamharibia sokoni na mbele ya wakubwa. Mstari huo usiufute kwa sababu unachekesha. Mashairi haya yana watu wenye akili za kawaida wanaofikiria biashara zao hata mbele ya malkia wa maajabu, na ukiwaondolea akili hiyo utabaki na sanamu.

Kabla hujafungua kompyuta kuandika noti ya kwanza, rudi nyuma ya karatasi. Baladi hizi zilikuwa midomoni kabla ya kuwa vitabuni. Mwaka 1802 Scott alifika Ettrick kwa Margaret Laidlaw, mama wa mshairi James Hogg, mwanamke aliyezijua nyimbo hizo kwa moyo. Kwa masimulizi ya mwanawe, mama huyo alimweleza Scott waziwazi kwamba nyimbo zake zilitungwa ziimbwe na hazikutungwa zisomwe, kwamba kwa kuzichapa ameziharibu, na kwamba hazitaimbwa tena. Sijui karipio lingine kwa wasomi wa ushairi lililo na haki zaidi ya hilo. Francis James Child wa Harvard alikuja baadaye akazikusanya baladi 305, akazichapa kati ya 1882 na 1898, Thomas akiwa namba 37 na Tam Lin, baladi nitakayoifikia baadaye, namba 39. Kazi kubwa mno, lakini shughuli yake ilikuwa maneno. Mizigo ya tuni ilibebwa na Bertrand Bronson, aliyetoa juzuu nne kati ya 1959 na 1972, akizipanga tuni kando ya maneno yake. Juzuu hizo zitafute maktabani. Jifunze tuni moja mpaka uweze kuiimba ukifua nguo, bila karatasi. Ukikuta ubeti unaokupotea kila mara, huo umeshikiliwa na karatasi peke yake, na mkasi uanzie hapo.

Mkasi ni lazima. Muziki hula muda. Sentensi inayosemwa kwa pumzi moja huimbwa kwa nne. Mtunzi Britten na Peter Pears walipochukua mchezo wa Shakespeare wa ndoto ya usiku wa kiangazi, walikata karibu nusu. Waliuondoa mwanzo wote wa Athens, mahakama ya baba na binti, wakaanzia msituni moja kwa moja. Walichoongeza ni mstari mmoja tu wa maelezo, kwa sababu baada ya kukata mwanzo mtu asingejua kwa nini wapenzi wanakimbia. Hiyo ndiyo heshima kwa shairi la kale: kukata bila huruma na kutotia maneno yako mdomoni mwake. Miaka mingi kabla yao, mwaka 1692, Henry Purcell aliandikia mchezo uleule muziki wa The Fairy-Queen katika ukumbi wa Dorset Garden, London. Gharama ilikuwa kubwa sana, muziki ni wa kupendeza kupita kiasi, na hakuna mstari hata mmoja wa Shakespeare unaoimbwa ndani yake. Nampenda Purcell, lakini shairi aliliacha limesimama nje ya mlango.

Kama maneno yako yatakuwa ya Kiswahili, na sioni kwa nini yasiwe, usilazimishe mapigo ya baladi ya Kiskoti kwenye lugha isiyo yake. Tumia utenzi. Tunalo umbo la kusimulia kisa kirefu kwa sauti, vipande vinne vya mizani minane, kina cha mwisho kikishikilia utungo mzima toka mwanzo hadi tamati. Limezoea vita, safari na miujiza, na malkia wa Eildon halitamshinda. Ila mkazo wetu hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Mtunzi akiutupa mdundo mzito kwenye silabi ya mwisho kwa sababu muziki wake wa kigeni unataka hivyo, mwimbaji ataonekana mgeni nchini kwake.

Sasa nchi ya chini ya kilima isikikeje? Hapa ndipo wengi wanapotumia mashine za kila aina na kutoka na mvumo mmoja wa kinamasi. Britten aliijenga kwa vifaa vya kushikika. Opera yake ilifunguliwa Aldeburgh, katika ukumbi mdogo wa Jubilee, tarehe 11 Juni 1960. Inaanza na nyuzi za okestra zinazoteleza polepole kutoka sauti moja hadi nyingine, unahisi msitu umelala na unapumua. Wakazi wa ajabu kawapa vinubi, selesta na ngoma ndogondogo. Wapenzi kawapa nyuzi na filimbi. Mafundi wa mjini kawapa tarumbeta nzito. Kwa hiyo vinubi vipo, na vina kazi: vikilia tu, unajua umevuka mpaka. Mfalme wa vichimbakazi, aliyeimbwa na Alfred Deller, ni mwanamume anayeimba kwa sauti nyembamba ya juu ambayo wakati ule majukwaa ya opera yalikuwa hayajaizoea. Raia zake ni watoto wa kiume. Puck, mtumishi wa mfalme huyo, haimbi kabisa. Anasema na kuruka sarakasi, akifuatwa na tarumbeta moja na ngoma. Katika dunia ambayo kila mtu anaimba, kiumbe wa kuogopwa ni yule asiyeimba.

Mwenye mkoba mwembamba zaidi aende kwa Schubert. Mwaka 1815, akiwa na umri wa miaka 18, alilichukua shairi la Goethe la baba anayekimbiza farasi usiku akiwa na mwanawe mgonjwa mikononi, huku mfalme wa ajabu akimwita mtoto. Mwimbaji ni mmoja, piano ni moja, na wahusika ni wanne: msimulizi, baba, mtoto na mfalme. Sikiliza mkono wa kulia wa mpiga piano: sauti moja inagongwa tatutatu bila kupumzika, na wapiga piano wenyewe watakwambia mkono unavyowaka moto. Mfalme akianza kusema, kugonga huko kunalainika, sauti inashuka, inakuwa tamu, ya kubembeleza. Mtoto kila akilia kumwita baba, anaanzia juu zaidi ya mara iliyotangulia. Mwisho farasi anafika nyumbani na piano inasimama, na maneno ya mwisho yanasemwa karibu bila muziki. Schubert alifahamu jambo ambalo ningependa kila mtunzi alibandike ukutani: mwizi wa watoto huja na sauti ya upole kuliko zote. Ukimpa mfalme wako radi na ngoma kubwa, hakuna mtoto atakayemfuata.

Na usifikiri shairi hilo lilizaliwa chumbani. Goethe aliliweka mwanzoni mwa mchezo wa nyimbo uliooneshwa mwaka 1782 nje, kwenye bustani ya Tiefurt karibu na Weimar, ukingoni mwa mto Ilm, na aliyeliimba kwa mara ya kwanza ni Corona Schröter, akicheza msichana wa wavuvi. Maji halisi, usiku halisi. Ndiyo sababu nasema kazi ya sauti ya namna hii inatoka nje kwa haki yake, haiombi ruhusa ya ukumbi.

Susan Philipsz wa Glasgow alilielewa hilo. Mwaka 2010 alitundika spika chini ya madaraja matatu ya mto Clyde, na kutoka huko ikatoka sauti yake mwenyewe, sauti ya mtu ambaye hakusomea uimbaji, bila ala yoyote, ikiimba matoleo matatu ya ombolezo la kale juu ya mpenzi aliyezama majini na kurudi kuaga. Mwaka huohuo alipata Tuzo ya Turner, ya kwanza kwa kazi ya sauti. Hakuweka moshi wala mwanga. Wimbo wa mfu wa majini uliimbwa juu ya maji, chini ya daraja ambalo watu wanapita kwenda kazini, kwa sauti unayoweza kuisikia jikoni kwa dada yako. Kwa maoni yangu hiyo imelifikia shairi la kale karibu zaidi kuliko opera nyingi zenye bajeti ya kununua meli.

Basi fungasha kinasa sauti uende Carterhaugh, jirani na Selkirk, mahali mito ya Ettrick na Yarrow inapokutana. Hapo ndipo kwa Tam Lin. Kisa ni hiki: Janet anakatazwa kwenda Carterhaugh, anakwenda, anachuma waridi, na kijana anamtokea. Baadaye ana mimba. Kijana anakiri kwamba yeye ni binadamu aliyechukuliwa na malkia, na kwamba kila miaka 7 ufalme ule hulipa zaka jehanamu, na safari hii anaogopa atakuwa yeye. Usiku mmoja tu anaweza kuokolewa. Janet asimame njia panda usiku wa manane, awaache farasi mweusi na wa kahawia wapite, amshushe wa farasi mweupe, amkumbatie asimwachie hata afanye nini. Naye atageuka mikononi mwake kuwa nyoka, dubu, simba, chuma cha moto, kaa linalowaka. Wazee walilijua mapema. Jina la Tam Lin limetajwa Uskoti tangu katikati ya karne ya 16, na Robert Burns akalipeleka shairi zima katika mkusanyiko wa nyimbo uliochapwa mwaka 1796. Tena katika nakala hiyo Janet haoni kwanza. Anasikia hatamu zikilia gizani.

Jinsi ya kulifanya kuwa kazi ya sauti, mimi ningefanya hivi, na nakupa wazo hili bure. Msikilizaji mmoja mmoja aingie chumba chenye giza. Mikononi apewe spika ndogo iliyoshonewa ndani ya blanketi zito, uzito wa mtoto mchanga. Ndani yake kuna sauti ya mwanamume anaimba noti moja, polepole, bila maneno. Mwambie mlangoni: usiiachie mpaka wimbo uishe. Kisha noti ileile ianze kufoka, ikwaruze, ingurume, kitambaa kitetemeke viganjani mpaka mikono itake kuachia yenyewe. Chini ya yote hayo noti ya kwanza isikatike hata mara moja. Atakayesikiliza kwa makini ataisikia bado iko ndani ya simba. Mwisho maji yaingie, kwa kuwa Janet analitupa kaa kisimani, na ile noti ibaki peke yake, safi, ya mtu. Watakaoachia katikati warudishe spika kwa mhudumu na kutoka kwa mlango wa nyuma bila kusikia mwisho. Shairi halikuwapa nafasi ya pili na wewe usiwape.

Kwa wingi wa sauti, chukua somo kwa Janet Cardiff. Mwaka 2001 alizipanga spika 40 kwenye duara refu, kila spika ikibeba mwimbaji mmoja wa wimbo wa Thomas Tallis wa sauti 40. Ukisimama katikati unasikia kwaya. Ukisogea unasikia mtu mmoja, koo lake na pumzi yake. Ufalme wa chini ya kilima unafaa kabisa kujengwa hivyo. Katika shairi la Sir Orfeo, lililohifadhiwa katika hati ya Auchinleck ya karne ya 14, mfalme anayepiga kinubi anaingia kwenye nchi ya vichimbakazi kumtafuta mkewe, na uani anakuta watu walioibwa duniani wamebaki katika hali ile waliyochukuliwa: mwingine amelala, mwingine ameungua, mwingine hana kichwa. Kila mmoja mpe spika yake. Wa mbali wasikie uzuri. Wa karibu wasikie nani amechukuliwa.

Fedha zitakuwa ndogo, hilo lisikuchelewishe. Opera ya Rutland Boughton, The Immortal Hour, juu ya watu wa Sidhe, yaani vichimbakazi, na mwanamke wao aliyeolewa na mfalme wa kibinadamu, ilioneshwa kwa mara ya kwanza Glastonbury mwezi Agosti 1914, vita vikiwa vimeanza, na badala ya okestra kulikuwa na piano. Miaka 8 baadaye ilipelekwa London ikachezwa mara 216 mfululizo. Judith Weir naye aliandika mwenyewe maneno ya The Vanishing Bridegroom, iliyofunguliwa Glasgow mwaka 1990, kutokana na visa vya nyanda za juu za Uskoti, kimojawapo kikiwa cha mwanamume anayevutwa na muziki mpaka ndani ya kilima. Aliandika sentensi fupi, kavu, za mtu anayetoa ushahidi polisi. Maajabu yanapenda lugha ya namna hiyo. Wewe pia andika hivyo.

Jambo moja la adabu, na hapa nasema na wale wa pwani yetu watakaotaka kuhamisha mbinu hizi kwa majini wa nyumbani. Baladi za Child hazina mganga anayezitumia leo. Nyimbo za ngoma ya pepo zinao wenyewe, na zinafanya kazi ya kutibu wagonjwa. Usiende na kinasa sauti mfukoni. Omba ruhusa, lipa, taja jina la aliyekuimbia kama anataka litajwe, na ukiambiwa wimbo fulani hautoki nje ya uwanja, rudi nao moyoni uache hapo.

Ralph Vaughan Williams alianza opera ya Thomas kwa maneno ya mkewe Ursula, akiunganisha kisa chake na cha Tam Lin. Alifariki tarehe 26 Agosti 1958 akiwa ameiacha katika rasimu ya piano. Maneno ya baladi zote mbili ni mali ya umma, hayadai kibali cha mtu yeyote. Kama una sauti, kinasa sauti na chumba kinachoweza kutiwa giza, anza kazi.